Nakula sana lakini sinenepi, tatizo ni nini?

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na zaidi ya nusu yake zinalia kitu kimoja, watu wembamba wanaotaka kujazia. Nimechagua nne ambazo naona zikijibiwa vizuri na wengine watapata majibu yao humohumo. Ya kwanza nitakaa nayo sana.

*

*Dada shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 23, naishi Mbagala, nafanya kazi ya kubeba mizigo Kariakoo. Tatizo langu ni wembamba, nina kilo 52 na urefu sentimita 175, toka nimemaliza form four kilo hazipandi wala hazishuki. Mtaani wananiita kimbaumbau. Siumwi chochote na kula nakula sana tu, usiku naweza kumaliza ugali wa watu wawili peke yangu. Baba na baba mdogo nao ni wembamba hivihivi. Nataka mwili wa mazoezi, sitaki kitambi. Nile nini dada? Na hizi poda za jimu ni lazima? Msomaji, Mbagala*

Marahaba mdogo wangu, na pole kwa hayo majina, maana watu wetu hawaoni shida kabisa kumwambia mwembamba mbele za watu "mbona umekonda hivyo, unaumwa?" na wanaona ni salamu tu, inauma na najua inauma.

Kabla hatujafika jikoni kuna jambo la hospitali. Chukua kilo zako 52 gawanya kwa 1.75 alafu gawanya tena kwa 1.75, unapata 17. Hiyo ndo BMI yako, yani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, na kwa mtu mzima chini ya 18.5 inahesabiwa uzito pungufu, yani wewe ili uvuke huo mstari unatakiwa ufike kama kilo 57. Kwa vile kilo zako zimetulia miaka yote na ukoo wenu mko hivyo, inawezekana kabisa ndo umbo lenu, ila bado nakuomba uende kituo cha afya mara moja ukapime VVU, TB, sukari, minyoo na waangalie na tezi ya shingo, uanze ukiwa na uhakika. Na wewe mwingine unayesoma hapa ambaye kilo zinashuka tu hujui kwa nini, au unakohoa wiki 2 na zaidi, jasho la usiku, vihoma vya jioni, tafadhali usianze na mayai na maziwa, anza na hospitali. Vipimo na dawa za TB hapa Tanzania kwenye vituo vya serikali ni bure.

Haya sasa, hili la "nakula sana". Sikatai mdogo wangu, ugali wa watu wawili ni ugali. Lakini tuiangalie siku nzima, na hapa nakadiria kwa kazi yako. Alfajiri unatoka Mbagala na chai ya rangi na maandazi matatu, hapo tuseme kalori 600. Saa nane mchana wali maharage kwa mama ntilie, kama 750. Katikati soda na kitu cha kutafuna, 200. Usiku ndo ule ugali wako na dagaa, 1,100. Jumla inacheza 2,600 na kitu, na kijana wa kilo zako anayebeba mizigo kutwa anachoma humohumo. Ndo maana kilo hazipandi wala hazishuki, kinachoingia na kinachotoka vinalingana. Unakula sana usiku, ila ukijumlisha siku nzima unakula kiasi kilekile unachochoma, na siku ambayo kazi imebana ukaruka mchana hata hicho hakifiki.

Na kuna hili la maumbile ambalo watu wanalibishia. Mwaka 1999 mtafiti James Levine na wenzake wa Mayo Clinic kule Marekani walichukua watu 16 wasio wanene, wakawalisha kalori 1,000 za ziada kila siku kwa wiki 8. Kuna aliyeongeza mafuta mwilini chini ya nusu kilo na kuna aliyeongeza zaidi ya kilo 4, chakula cha ziada ni kilekile! Walipoangalia sababu wakaona wale waliogoma kunenepa miili yao ilikuwa inajichosha yenyewe bila wao kupanga, wanasimama zaidi, wanatembeatembea, hawatulii kwenye kiti. Kwa hiyo mtu akikwambia "we kula tu utanenepa" ana nusu ya ukweli, wapo watu ambao mwili ukipewa zaidi unatumia zaidi. Dawa yake ni kuongeza kwa mpango na kuendelea kuongeza, sio kula kwa fujo siku tatu ukashiba hadi kichefuchefu alafu siku ya nne unarudi kwenye chai ya rangi.

Lengo lako la kuanzia ni kalori kama 3,000 kwa siku, yani ongeza 400 hivi. Ukitaka kuziongeza kwa ugali utashindwa, tumbo litajaa mapema, ugali una maji mengi. Unachotakiwa ni chakula kidogo chenye nguvu nyingi, na hapo mafuta mazuri ndo rafiki yako kwa sababu gramu moja ya mafuta ina kalori 9 wakati ya wanga au protini ina 4. Karanga, nazi, parachichi, ufuta, mafuta ya alizeti. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kula ni kama kalori 120, ukimwagia juu ya maharage yaliyoiva hata husikii.

Mi kwako ningeanza na uji, na naomba uufanye hivi. Usiku kabla hujalala koroga unga wa ulezi vijiko vinne vya chakula na maji kidogo kwenye bakuli uache. Alfajiri bandika maji nusu kikombe yachemke, mimina ule unga huku unakoroga, ukianza kuwa mzito weka maziwa kikombe kizima, acha utokote dakika kumi moto mdogo, mwisho kabisa weka siagi ya karanga vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, koroga mpaka iyeyuke uone uji umebadilika rangi na mafuta yanang'aa juu, sukari kidogo, basi. Hicho kikombe kinakupa karibu kalori 500 na protini kama gramu 18, na kinapita kooni dakika tano ukiwa unavaa viatu. Maandazi yako kula kama kawaida. Yani 400 zako zimeshapatikana kabla daladala haijafika Kariakoo. Nasisitiza kunywa kwa sababu mtu mwembamba huwa anashiba haraka, na kitu cha kunywa hakimshibishi kama cha kutafuna, ndo njia rahisi kuliko zote. Kama maziwa fresh yanakuchafua tumbo, na wengi wetu yanatuchafua tukishakuwa wakubwa, tumia mtindi, yale maziwa mgando yanavumilika zaidi. Ila mtindi usiupike, weka uji ukishapoa kidogo.

(Watu wataniuliza kwa nini nasema ulezi peke yake na sio ule unga wa lishe wa nafaka kumi. Kila nafaka ina muda wake wa kuiva, na ukisaga karanga na soya humohumo zile zina mafuta, unga unachacha mapema. Saga nafaka moja, karanga weka kwenye sufuria.)

Kilo zikishapata njia ya kuingia swali linakuwa ziende wapi, kwenye misuli au tumboni. Hapo kuna mambo mawili, protini na mazoezi. Protini kwa mtu anayetaka misuli ni kama gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, wewe ni gramu 83, tuseme 85. Isikutishe. Uji umeshakupa 18. Saa nne nunua mayai mawili ya kuchemsha kwa wale wanaotembeza na kachumbari, hapo 12. Mchana mwambie mama ntilie akuongezee maharage, lipia, lijae bakuli badala ya lile kijiko moja la kulowesha wali, hapo 15. Jioni mtindi kikombe, 8. Usiku dagaa wakavu kiganja kizuri, hata gramu 30 kabla hazijapikwa zina protini kama 18, dagaa ni nyama ya maskini yenye protini kushinda nyama ya tajiri kilo kwa kilo maana hawana maji. Wali na ugali na maandazi navyo vina protini yao kidogokidogo, ukijumlisha unakuta umefika. Ule ugali wa watu wawili punguza robo upishe mboga iongezeke, weka na nusu parachichi pembeni. Chai ya rangi isogeze mbali na chakula, ukiinywa pamoja na maharage inazuia madini chuma yasifyonzwe vizuri.

Mazoezi. Najua utasema nabeba gunia kutwa nzima nahitaji mazoezi gani tena. Tatizo la mzigo wa kazini ni kwamba mwili umeshauzoea, unabeba uleule kwa namna ileile kila siku, misuli haina sababu ya kukua, inabaki kukuchomea kalori tu. Misuli inakua ukiipa kitu kizito kuliko ilivyozoea, mara chache, alafu ukaiacha ipumzike na ukailisha. Kwako siku mbili kwa wiki zinatosha, moja iwe ile ambayo huendi kazini. Mtaani kwenu najua hakukosi jimu ya uani, zile zenye vyuma vya makopo yaliyojazwa zege, hazina ubaya wowote ilimradi bomba limekaa sawa na huyo anayekuelekeza sio wa sifa. Fanya skwati, kunyanyua kutoka chini, pushapu, kujivuta kwenye bomba, na kusukuma chuma juu ya kichwa. Kila kimoja raundi tatu za mara 8 mpaka 12. Ukiona mara 12 unafika bila jasho basi uzito umekuwa mdogo, ongeza. Andika kwenye simu leo umebeba ngapi, wiki ijayo lazima ujue unashindana na namba gani. Kila mwezi uzito unaobeba ukiwa unapanda, na kilo zako zinapanda, huo ni mwili wa mazoezi sio kitambi. Na kulala, masaa 7 mpaka 8 mdogo wangu, sio kukesha na mechi alafu saa kumi na moja uko kituoni.

Poda sio lazima. Kijiko kimoja cha poda ya whey, ile protini inayotolewa kwenye maziwa, kina protini kama gramu 20 mpaka 25, nusu lita ya maziwa na yai moja vinakupa 22. Makopo makubwa yaliyoandikwa ya kuongeza mwili haraka mengi ndani yake ni sukari na wanga kwa sehemu kubwa, hela ile nunulia trei za mayai. Kreatini, poda nyingine ya jimu, ndo pekee naiheshimu, imechunguzwa miaka mingi na gramu 3 mpaka 5 kwa siku inaongeza nguvu ya kunyanyua kwa watu wengi, lakini ni ya baadae, ukiwa umeshashika kula na mazoezi, na mwenye shida ya figo asiiguse bila daktari.

Pima uzito mara moja kwa wiki, mzani uleule, asubuhi umetoka chooni hujala. Robo mpaka nusu kilo kwa wiki ndo mwendo mzuri. Wiki mbili zikipita mzani umegoma ongeza kikombe kingine cha maziwa na ndizi mbili usiku, usiongeze mawazo. Zikipanda kilo mbili kwa wiki moja ujue ni maji na chakula tumboni, usishangilie bado.

*

*Dada habari za kazi. Nina miaka 26 nipo Tanga, miezi mitatu ijayo naolewa. Nilikuwa na kilo 48 nikaona gauni halitanikaa, rafiki yangu akanipeleka kwa mdada anauza dawa za kunenepa na kuongeza hipsi. Nimepewa vidonge vyeupe vidogo kwenye kipakiti hakina jina na sirapu. Nina wiki ya tano, kilo zimepanda 5, njaa kila saa, usingizi mwingi, na mashavu yamejaa mpaka mama kaniuliza. Niendelee mpaka harusi au nikatishe? Bibi harusi mtarajiwa*

Mdogo wangu hongera kwa harusi, na asante kwa kuuliza, maana wengi hawaulizi mpaka mambo yameharibika. Naomba usome mpaka mwisho kabla hujafanya chochote, hasa hapo kwenye kukatisha.

Sijaviona hivyo vidonge na hakuna anayeweza kujua ni nini kwa kuangalia rangi, hilo peke yake lingetosha kuvikataa. Lakini dalili unazosema zinafanana sana na dawa mbili ambazo ndo huwa zinauzwa kwa kazi hiyo. Moja ni cyproheptadine, ni dawa ya aleji, kazi yake ni kuzuia chafya na muwasho, njaa na usingizi ni madhara yake, huyo mdada anakuuzia madhara. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilishatoa onyo kuhusu sirapu inayoitwa Apetamin yenye dawa hiyohiyo ndani, iliyokuwa inauzwa kwa wanawake kwa ahadi ya shepu. Ya pili ndo inanitisha zaidi, dexamethasone, hiyo ni steroidi, dawa kubwa ya hospitali, inaokoa watu, ila daktari anaitoa kwa hesabu. Ukiimeza kiholela mwili unashika chumvi na maji, mafuta yanakimbilia mashavuni, shingoni nyuma na tumboni, huku mikono na miguu misuli inaisha. Kwa hiyo hipsi hupati, unapata uso wa mviringo. Ndani kimyakimya sukari inapanda, presha inapanda, mifupa inapungua nguvu, kinga inashuka na kidonda kikitokea hakiponi mapema. Sio Tanga tu, Kinshasa na miji mingine ya Kongo mabinti wanameza hizihizi kwa sababu hizihizi.

Sasa kukatisha. Usiache ghafla leo jioni kwa sababu umesoma hapa. Kama ndani kuna steroidi na umeshafika wiki ya tano, tezi zilizopo juu ya figo zinazotengeneza homoni ya aina hiyo zinakuwa zimesinzia, ukikata ghafla unaweza kuishiwa nguvu, presha ikashuka, ukatapika, ukaanguka, na hiyo ni hatari ya kweli. Nenda hospitali kesho, beba kipakiti na chupa ya sirapu, mwambie daktari ukweli bila aibu, umekula nini na kwa muda gani, atapima sukari na presha na atakupangia namna ya kupunguza taratibu. Ukianza kutapika, kizunguzungu au kuzimia kabla hujaenda, ni dharura, usisubiri asubuhi. Na mkishamaliza hilo, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba hapa nchini, wanapokea taarifa za dawa zinazouzwa hivyo, kuna mabinti wengine nyuma yako kwenye hiyo foleni.

Baadhi ya hizo kilo 5 ni maji, zitashuka, usiogope. Miezi mitatu ni wiki 12 hivi, kwa mwendo wa kawaida wa robo mpaka nusu kilo kwa wiki mtu anapata kilo 3 mpaka 6 za halali, kwa hiyo huna haja ya kipakiti. Uko Tanga, maziwa na nazi ni vya kwenu, samaki wa tui, maharage ya nazi, mihogo ya nazi asubuhi na chai ya maziwa, uji wa karanga niliomwelekeza kijana wa Mbagala nao ni wako. Ila ngoja daktari aseme sukari iko sawa ndo uanze kuongeza. Kuhusu hipsi, mifupa ya nyonga haibadiliki kwa chochote unachokula, kinachobadilika ni misuli ya makalio na mapaja, na hiyo inakua kwa skwati na lile zoezi la kulala chali magoti umekunja unanyanyua kiuno juu ukiwa na uzito umeuweka mapajani, hata dumu la lita 10 la maji. Mara tatu kwa wiki chumbani kwako. Fundi mwambie kipimo cha mwisho cha gauni mchukue wiki mbili kabla ya harusi, gauni ndo likufuate wewe.

*

*Mwanangu hujambo? Mimi ni mama wa watoto watatu hapa Dodoma. Mwanangu wa kiume ana miaka 15 yuko form two, ameshanipita urefu lakini mwembamba sana, mifupa tupu. Anataka nimnunulie ile poda ya wanyanyua vyuma, wenzake wanatumia. Anakula vizuri na anacheza mpira kila jioni. Nimnunulie? Mama, Dodoma*

Sijambo mama, shikamoo. Usimnunulie mama. Huyo mtoto kinachomtokea ni cha umri, kijana akivunja ungo wake wa kiume mifupa inatangulia kurefuka alafu nyama inafuata, mwaka mmoja au miwili anaonekana mrefu mwembamba, baadae anajaa mwenyewe. Ukichanganya na mpira wa kila jioni anachoma chakula kingi mno kwa umri ule.

Anachohitaji ni kula mara nyingi. Kijana wa namna hiyo anaondoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, shule wanakula makande saa nane, tayari ameshakosa chakula masaa mengi. Mfungie kitu, karanga za kukaanga kiganja na ndizi mbili, au viazi vitamu na yai. Akirudi mpirani asikute chai, akute chakula chenyewe. Na ukisonga ugali wa usiku chukua dagaa wakavu waliosafishwa, wakaange kidogo kavu, watwange wawe unga, weka vijiko viwili kwenye mchuzi wa mboga, hata kama hapendi dagaa hatajua. Dawa ya minyoo kama hajameza muda mrefu muulize mhudumu wa kituo, ni kidonge kimoja tu kile cha albendazole.

Ila mama kwa vile uko Dodoma naongeza hili la karanga na mahindi. Mwaka 2016 huko Dodoma na Manyara watu waliugua sana na wengine wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumukuvu, ile sumu ya ukungu, na karanga nazo zinashika ukungu huohuo. Kupika hakuitoi. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyoota weupe au yenye uchungu ukitafuna, tupa, usiseme nitakaanga itaisha. Nunua zikiwa bado kwenye maganda kama unaweza, bangua mwenyewe, chambua moja moja kabla ya kusaga. Hizi siagi za karanga za kusagiwa mtaani mi huwa nauliza kwanza karanga zenyewe nizione.

Mazoezi afanye tu, pushapu, skwati, kujivuta kwenye mti, na hata vyuma vyepesi vina faida kwa umri wake ikiwa kuna mtu mzima anamwangalia anavyonyanyua. Uzito wa kushindana na wenzake ndo akatae. Ukiona kilo zinashuka, anachoka hata mpira hataki, au anakunywa maji sana na kukojoa sana, hapo mpeleke wakampime sukari siku hiyohiyo.

*

*Assalaam alaykum dada. Nipo Unguja, toka mwaka jana nafuata hizi mambo za kula na jimu, nilikuwa kilo 58 sasa nimefika 64 na nguo zinakaa. Wasiwasi wangu ni Ramadhani, kila mwaka natoka nimekonda. Nifanye nini nisipoteze nilichopata? Msomaji, Unguja*

Waalaykum salaam kaka, na hongera kwa kilo 6 za jasho. Mwezi mmoja haukuondolei misuli ya mwaka, kinachowakondesha watu wengi Ramadhani ni kuruka daku na kujaza futari yote sahani moja mpaka hawapumui, alafu usiku mzima hawagusi kitu tena.

Wewe igawe. Ikiadhiniwa Magharibi tende tatu, maji, na uji wako wenye maziwa, kaswali. Ukirudi ndo sahani yenyewe, samaki au nyama kwanza kabla hujavamia viazi vya nazi na mihogo na tambi, kwa sababu vile vitamu vikitangulia protini haina nafasi, na futari zetu za Unguja jamani wanga wake ni mwingi na protini ndo inawekwa pembeni kama pambo. Baada ya tarawehe kula tena, hapo watu wengi hawali, mkate wa mofa na maharage au mayai matatu, parachichi, glasi ya maziwa. Daku usiikose hata kama ni usingizi, na iwe ya vitu vinavyokaa tumboni, wali wa maharage, mayai, mtindi, tende mbili, sio chai na mkate peke yake. Maji kunywa kidogokidogo toka futari mpaka daku, ukiyanywa yote kwa mkupuo unajaza tumbo na nafasi ya chakula inapotea.

Jimu nenda mara mbili tu kwa wiki, usiku baada ya tarawehe ukiwa umeshakula na kunywa. Uzito wa chuma ubakie uleule, punguza idadi ya raundi, tatu ziwe mbili. Misuli inabaki kwa sababu bado inaambiwa kazi ipo, ukishusha uzito ukawa unafanya vyepesi bila kujitutumua ndo unaweza kuipoteza. Mchana kama kazi yako inaruhusu lala hata nusu saa baada ya Adhuhuri. Jipime Jumatatu ya kwanza na Jumatatu ya mwisho, ukitoka na kilo 63 uko salama kabisa, hiyo moja nyingi ni maji na utairudisha wiki ya Idd. Ukitoka na 60 niandikie tena utume na ulichokuwa unakula daku, tutatafuta ilipotokea.